Gari ya mkononi niliyonunua Arusha, na swali nililoulizwa na fundi nikiwa nimeshachelewa

Mi natengeneza keki hapa Moshi, mwaka wa saba sasa, na miaka karibu yote hiyo keki zangu zilikuwa zinasafiri kwa bajaji, nyingine kwa bodaboda, mwenyewe nimekaa nyuma nimelipakata boksi kama mtoto mchanga. Mwenye kazi hii ananielewa. Tuta moja tu dereva hajaliona, ghorofa ya juu imeshahama. Kwa hiyo gari kwangu haikuwa ya kujionyesha, ilikuwa chombo cha kazi kama ovena, na hela ya kuinunulia nilidunduliza kikobani miaka mitatu, zangu milioni tano na nusu, afu nikakopa tatu palepale juu yake. Naandika kwa sababu kina dada wenzangu wa biashara ndogo wananiuliza sana gari ya milioni nane, tisa inapatikana wapi. Inapatikana, zimejaa. Ila kuna mambo laiti ningeambiwa kabla sijatoa hela.

Nilitaka gari ndogo, CC 1300, isiyonywa mafuta, inayokunja siti za nyuma boksi likae flati. Watu wakanishauri IST, wengine Vitz, wengine Passo, kwa sababu spea zake zimejaa kuanzia Moshi mpaka Arusha na hakuna fundi ambaye hajawahi kuzifungua. Ushauri huo ni mzuri na mpaka leo naurudia kwa wengine. Aina niliyonunua mimi siitaji, maana nikitaja mtaondoka mnasema zile ni mbovu, na si kweli, kosa halikuwa la aliyeitengeneza, lilikuwa la waliokuwa wanaitunza na la mimi niliyeinunua nikiwa na haraka.

Ilikuwa Januari. Huku kwetu Januari magari yanauzwa sana, Desemba watu wamepanda nyumbani, wamechinja, wamebatiza, wamemalizia nyumba, wakirudi mjini ada inawasubiri mlangoni. Dalali mmoja wa Arusha akanitumia picha WhatsApp, namba D, rangi ya fedha, mmoja anauza ana shida ya ada ya watoto, milioni nane na laki tisa, maongezi yapo. Nikamwambia nakuja kesho. Akasema njoo saa tatu, dada angu, usichelewe, hii haimalizi wiki.

Nikaenda na shemeji yangu. Shemeji ana gari miaka kumi, nikaona huyo anatosha, kumbe kumiliki gari na kuijua gari ni vitu viwili. Tukaikuta maeneo ya Sakina, sehemu ya kuoshea magari, inang'aa, hata injini imeoshwa, mipira yote imepakwa mafuta inawaka. Muuzaji mtu mstaarabu, ana maneno mazuri, akatuonyesha na nyumba yake, ile pale, geti la kijani, kama hatua mia mbili. Nikainama kuangalia kule kwenye injini, na ili nisianguke nikaweka kiganja juu ya bati la mbele pale karibu na rejeta (ile inayopoza maji ya injini). La moto. Si vuguvugu, la moto mpaka nikautoa mkono. Nakumbuka kabisa wazo lililonipitia, kwamba aah, si ametoka kuiendesha. Ametoka kuiendesha wapi, na nyumba ni ile pale? Wazo hilo la pili lilikuja baada ya wiki tano.

Tukaijaribu. Tukashuka nayo mjini, tukafika Kijenge, tukageuza, dakika ishirini hivi, inateleza haina kelele. Shemeji akawasha AC, haikuleta ubaridi, muuzaji akasema hiyo gesi tu imeisha, elfu hamsini unajaza. Tukaizima. Na hilo nalo likumbuke, AC ikiwaka ndipo injini na feni vinafanya kazi ya ziada, gari yenye shida ya joto inajitaja hapo. Ukijaribu gari AC ikiwa imezimwa unaijaribu ikiwa imepumzika.

Nilipoomba nije na fundi siku ya pili, dalali akanivuta pembeni, akaniambia dada angu mi nakuonea huruma, kuna mtu wa Karatu anakuja saa nane na hela kamili, ukiondoka hapa usinilaumu. Sijui mpaka leo kama huyo mtu wa Karatu alikuwepo. Ila najua moyo wangu ulivyodunda, niliiona gari inaondoka na keki zangu zinarudi kwenye bajaji. Tukabishana bei, wakashuka mpaka nane na laki tatu, nikahamisha hela kwa simu benki palepale, dalali nikampa laki yake. Mkataba ukaandikwa karatasi moja, muuzaji kasaini, mimi nimesaini, shemeji shahidi, na ndani yake kuna mstari unasema mnunuzi ameikagua gari na ameridhika na hali yake. Nilisaini mstari huo. Baadaye nilipompigia akanisomea maneno hayohayo, na kisheria alikuwa na pa kusimamia. Ukiandikiwa mkataba, lazimisha hali ya gari iandikwe kwa vitu vyake, injini haichemshi, gia haipigi, haidaiwi, haina rehani, na kama kuna ubovu unaojulikana uandikwe. Asiyeficha kitu hakatai kuandika.

Kurudi Moshi ilikuwa raha tupu. Sasa hapa kuna jambo la jiografia ambalo mtu wa huku analijua kwa miguu yake lakini halifikirii akiwa kwenye usukani. Arusha iko juu, kama mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, pale njia panda ya KIA, ya kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni kama mita 900. Kwa hiyo ukitoka Arusha kuja huku, Tengeru, Usa River, Kikatiti, mpaka KIA, kwa sehemu kubwa unateremka, injini haibebi mzigo, hata gari mgonjwa itakufikisha inaimba. Kurudi kwake ndo kuna kazi. Mi nilinunua gari juu nikaijaribu kwa kuiteremsha.

Wiki tatu za kwanza nikawa naitumia mjini tu, Soweto, Majengo, Shanty Town, safari za dakika kumi. Haikunisumbua. Sikufungua boneti hata siku moja maana sikujua natakiwa kuangalia nini. Na gari yenyewe haina mshale wa joto kwenye dashibodi, ina taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi inazima yenyewe ikipata moto, na nyekundu ikizidi. Gari ndogo nyingi za Japani ziko hivyo. Ubaya wake ni kwamba kati ya bluu na nyekundu hujui kinachoendelea, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa.

Jumamosi ya wiki ya tano nikawa na oda ya sendofu Arusha, ukumbi uko Njiro, keki ya ghorofa tatu, laki nne na nusu, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kule. Nikatoka Moshi saa saba mchana, jua kali, mdogo wangu kakaa nyuma anashikilia boksi. Tumepita Boma Ng'ombe vizuri, tumepita KIA, tumeanza kupanda. Pale mbele kidogo ya Kikatiti taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka. Mdogo wangu akasema dada hiyo taa. Nikamwambia tufike kwanza Usa, pale kuna mafundi.

Hilo ndo kosa lililonigharimu kuliko mengine yote na sitaki mwingine alifanye. Taa ya joto si kama taa ya mafuta ya petroli kwamba una kilomita kadhaa za kujiokoa. Ikiwaka nyekundu unatafuta pembeni, unasimama, unazima, unasubiri, hata nusu saa, hata zaidi. Kama sehemu uliyopo huwezi kusimama mara moja, zima AC, washa hita kwa nguvu yote na feni yake mwisho, fungua vioo, itawapa joto kali humo ndani lakini hita inavuta joto kutoka kwenye injini, inakununulia dakika mbili tatu za kufika sehemu salama. Mi niliendesha karibu dakika kumi. Mbele ya Maji ya Chai nguvu ikaisha, mvuke ukatoka kwenye boneti, gari ikazima yenyewe katikati ya mlima.

Wakaja vijana wenye roho nzuri, mmoja ana dumu la maji ya baridi, wakasubiri kidogo, wakafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, maji yakaruka juu kama chemchemi, Mungu tu hakuungua mtu usoni. Afu wakamimina yale maji ya baridi ndani. Nikawashukuru, sikujua. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa hali yoyote ile, na maji ya baridi hayamiminwi kwenye chuma kilichopata moto kiasi kile, kinapinda au kinapasuka.

Nililia pale barabarani. Sikulia kwa ajili ya gari, nililia kwa ajili ya yule binti anayesubiri keki yake. Nikasimamisha Kosta, konda akachungulia boksi, akawaambia abiria wawili wa mbele wasogee nyuma, dada ana keki ya shughuli, na wakasogea bila neno. Nikamwacha mdogo wangu na gari. Nilifika ukumbini saa kumi na mbili kasoro, ghorofa ya chini imepasuka upande mmoja, nikaziba kwa krimu na maua kadiri nilivyoweza. Mama wa binti akaniambia mwanangu keki imefika, usijali. Lakini Jumatatu nilimrudishia laki na elfu themanini, maana kitu nilichoahidi sicho nilichopeleka.

Fundi wa kwanza, palepale Usa, aliikuta imepoa. Akaifungua, akachomoa kitu kidogo cha duara chenye spring, akanionyesha, akasema hii themostati ndo inazuia maji, nchi zetu hazihitaji hii, nimeitoa, sasa itapoa vizuri. Elfu sitini. Nikaendesha kurudi Moshi usiku, kumbuka ni mteremko, ikafika. Siku mbili baadaye inatoa moshi mweupe nyuma na haishiki silensa, yaani ukiachia pedali ya mafuta inazima.

Hapo ndo nikaletwa kwa mzee mmoja ana gereji maeneo ya Pasua, mzee wa miaka sitini na kitu, mikono imekauka kwa oili. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakuigusa gari. Akaniuliza, mwanangu, hii gari siku unainunua uliikuta baridi au ya moto? Nikakumbuka kiganja changu. Nikamwambia ya moto, baba. Akatikisa kichwa, akavuta stuli akakaa.

Akanieleza kwamba gari yenye hedi gasketi iliyoanza kufa, yaani ile shiti inayoziba kati ya hedi, kichwa cha injini, na injini yenyewe, inajitaja asubuhi, ikiwa imelala usiku kucha. Ukiiwasha ikiwa baridi inatetemeka, inatoa moshi mweupe mwingi, maji yamepungua. Ikishapata moto chuma kinatanuka, pale palipokuwa wazi panabana, inatulia, na unaweza kuzunguka nayo mjini bila kujua. Kwa hiyo anayejua ubovu wake anaiwasha kabla hujafika, anaiongeza maji, anaiosha na injini ili usione michirizi ya kutu ilipokuwa inavuja. Sisemi yule kaka alijua, hilo ni lake na Mungu wake. Nasema gari nilioneshwa ikiwa ya moto na imeoshwa.

Wakaifungua. Hiki kitu nilikiona kwa macho yangu na ndo kilichonifanya nielewe hela yangu inaenda wapi. Mzee akasafisha hedi mpaka ikawa nyeupe, akailaza kwenye benchi kichwa chini, akachukua rula ya chuma akaisimamisha kwa ubavu juu yake, kutoka kona hii mpaka kona ile. Akaniambia inama. Nikainama, akawasha tochi ya simu upande wa pili wa rula. Kama hedi imenyooka mwanga haupiti. Hapa ulipita, mstari mwembamba kama uzi, katikati ya silinda ya pili na ya tatu. Akachukua kibati chembamba cha kupimia akakipenyeza pale kwenye mwanga, kikaingia. Akasema, uzi huu ndo umekula keki yako. Afu akanionyesha matundu ya maji, yamejaa tope la kutu, rangi ya kahawia kama udongo wa mgombani, mengine yamebaki nusu. Hiyo gari ilikuwa inatiwa maji ya bomba miaka na miaka, kulanti, yale maji maalum ya rangi ya kutia kwenye rejeta, haijaiona.

Mi nilikuwa nadhani kulanti ni mbwembwe za wauza vilainishi. Mzee akanifafanulia hivi. Maji peke yake yanaozesha chuma na kuziba rejeta. Halafu maji huku juu yanachemka mapema, Arusha yanachemka kwenye nyuzi kama 95 hivi, hayangoji 100 kama Tanga, kwa sababu ya mwinuko. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na ule mfuniko wa rejeta pamoja na kulanti yenyewe. Mfuniko wangu spring yake ilikuwa imelegea kabisa, ukiubonyeza kwa kidole unaingia bila ubishi. Mfuniko mpya elfu kumi na tano. Na themostati akarudisha, mpya, akasema ile inafunguka ikifika nyuzi kama 82, kazi yake ni kuhakikisha injini inapata joto lake sahihi na kulishikilia, ukiitoa gari inatembea baridi, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe hujautibu. Fundi akikwambia anaitoa kwa sababu nchi yetu ya joto, chukua gari yako.

Hela ilivyokwenda, naiandika maana wengi wanaficha: gasketi seti nzima laki na elfu thelathini, kuplena hedi, yaani kuisawazisha kwa mashine, elfu sitini, rejeta laki mbili na ishirini, pampu ya maji elfu tisini, themostati elfu thelathini na tano, mfuniko kumi na tano, kulanti lita tano elfu thelathini na tano, oili na filta elfu themanini na tano, ufundi laki mbili. Kuivuta siku ile iliyokataa kabisa, laki na nusu, kwa sababu iliniishia Himo nikitoka kupeleka oda. Weka na elfu sitini za fundi wa Usa. Ni milioni moja na elfu themanini, na ile laki na themanini ya mama wa binti. Mzee nilimuuliza angenitoza shilingi ngapi kuja Arusha kunikagulia gari. Akasema nauli, chakula, na elfu hamsini.

Basi sasa hivi mtu akiniomba nimsindikize kuona gari, mi nataka tufike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tunamwambia muuzaji jana yake kwamba usiiwashe. Nikifika kitu cha kwanza mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto tunarudi siku nyingine, kwa heshima, bila ugomvi. Ikiwa baridi tunafungua mfuniko wa rejeta, kulanti inatakiwa iwe na rangi yake safi, pinki au kijani, na ijae mpaka mdomoni, ukiona kahawia au utelezi wa mafuta juu yake hiyo shida. Tunafungua mfuniko wa oili, tunaangalia chini yake, ukikuta kitu kama chai ya maziwa kimeganda, maji yameingia kwenye oili, ingawa msimu wa baridi Juni, Julai, gari ya safari fupi fupi inaweza kuwa na povu kidogo pale kwa unyevu tu, kwa hiyo chomoa na kijiti cha oili ulinganishe. Afu ndo iwashwe, mmoja kasimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke, hauna neno, ule unaoendelea na una harufu tamu tamu ni kulanti inaungua. Ukiacha mfuniko wazi injini ikiwa bado baridi, ukaona mapovu yanapanda mfululizo na hayaishi, usinunue.

Kabla ya kuwasha geuza ufunguo hatua moja tu, taa zote za dashibodi ziwake, ikiwemo ya injini, afu injini ikishawaka zizime, isipokuwa ile ya bluu ya baridi. Taa ya injini isipowaka kabisa hapo mwanzo, kuna mtu ameichomoa. Tairi nazo zina tarehe ubavuni, tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliyonunua mimi tairi mbili zilikuwa zinang'aa kwa mafuta, ndani yake mpira umepasuka nyufa, za miaka tisa.

Kisha ipande mlima. Ukiwa Moshi ipeleke njia ya Kibosho au Machame, watu wanne ndani, AC imewashwa, dakika arobaini. Ukiwa Arusha shuka nayo mpaka Kikatiti ugeuze upande nayo. Mafuta ya elfu ishirini, muuzaji akigoma mwambie utajaza wewe.

Upande wa makaratasi nilibahatika, ila kwa jasho. Kadi haikuwa na jina la yule muuzaji, ilikuwa na jina la mzee mwingine wa Mto wa Mbu aliyemuuzia mtu, na huyo mtu akamuuzia huyu, hakuna aliyebadilisha. Nilipotaka kuhamisha umiliki TRA ikabidi nifunge safari kumtafuta huyo mzee mwenyewe, maana inahitajika TIN yake, kitambulisho chake cha NIDA na mkataba wenye muhuri wa wakili, kati yake na mimi. Alinipokea vizuri, alikuwa hajui kama gari bado inatembea kwa jina lake, akasaini siku hiyohiyo. Angekuwa amefariki, au ni mtu wa tamaa, ningekuwa na gari isiyo yangu mpaka leo. Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayepokea hela, na ukiona jina la benki au la wakopeshaji pembeni ya jina lake, mkopo haujaisha. Faini za trafiki zinaangaliwa kwa namba ya gari mtandaoni, bure, mi nilikuta tatu za elfu thelathini thelathini za tochi ya mwendokasi, na nyongeza ya kuchelewa, nikalipa mimi. Bima niliambiwa ipo mpaka Juni, nilipokuja kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, nikakuta iliisha Novemba, yaani ile safari ya keki nilitembea bila bima. Nikakata ile ndogo, 118,000. Vitu vyote hivi viwili vinaangaliwa kwa simu ukiwa umekaa kwenye Kosta unaenda kuiona gari.

Kitu kingine nilichonunua na sijutii ni kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu kwa bluututhi, elfu ishirini na tano madukani mjini. Kwa gari isiyo na mshale wa joto ni msaada mkubwa, naweka simu kwenye stendi naona namba, yangu inacheza 86 mpaka 94, ikipanda mlima wa Usa inagusa 96 inarudi. Magari mengine ya zamani ya Japani hakiyasomi, kwa hiyo mwombe muuzaji ukijaribu kwenye gari yako kabla hujalipa. Na kila Jumapili kabla ya misa, gari ikiwa imelala, nafungua boneti naangalia kulanti. Miezi saba sasa haijashuka hata kidole.

Kilichobaki ni AC. Nilijaza gesi ikakaa siku nne, mzee akaangalia akasema kompresa inavuja, iliyotumika ni laki mbili na themanini na ufundi. Kwa sasa keki za krimu za Arusha naziondoa Moshi saa kumi na moja alfajiri, chupa mbili za maji ya barafu nimezifunga taulo pembeni ya boksi, zinafika vizuri. Nimemwambia mzee anitafutie hiyo kompresa taratibu, kipaimara zikiisha namletea gari.